Uliza Fundi wa Ndege: Mustang Iliyopaa Sekunde Nne

Mwezi huu barua karibu zote ni za modeli za ndege za vita, zile za kurusha kwa rimoti. Sijui ni wajomba wamerudi likizo na maboksi ama ni nini, lakini kila mtu Nairobi sasa ana Mustang ama Spitfire juu ya kabati na anataka kujua kwa nini haitaki kukaa hewani. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu shida yake ndiyo shida ya wengi, wale wengine mtanisamehe.

SWALI: *Habari fundi. Mjomba wangu alikuja kutoka Uingereza akaniletea Mustang ya foamu, mabawa kutoka ncha hadi ncha ni kama mita 1.2, mtumba lakini safi, ila haikuja na kitabu wala betri. Nikaenda maduka ya Luthuli nikapata betri ya seli tatu, 2200 mAh (ndio ukubwa wa akiba ya umeme), nikaiunganisha ndege wikendi moja, rimoti ikashika, sevo zote, vile vimota vya kusogeza vibao, zinacheza. Tukaenda shamba la rafiki huko Isinya saa nane mchana. Nikapeleka moto wote wa mota mara moja, ndege ikakimbia huku inavuta kushoto, halafu ikaruka juu kama imetoka kwa manati, pua ikaangalia mbinguni, bawa la kushoto likalala, ikaingia chini. Sekunde nne hivi. Mmoja wetu anasema ni upepo, mwingine anasema ni rimoti ya bei rahisi. Ni nini?* — Wa Donholm

JIBU: Pole sana kaka. Upepo muachilie, na rimoti pia haina kesi, kama ilishika hadi mwisho basi ilifanya kazi yake. Ndege yako ilianguka ukiwa bado Donholm, ile siku uliweka betri ndani bila kupima uzito umekaa wapi.

Hebu fikiria ile Mustang yenyewe, ile iliyopaa mara ya kwanza Oktoba 1940. Pua yake ni ndefu hivyo kwa sababu ndani kulikuwa na injini ya silinda 12, na zile za baadaye zenye injini ya Merlin, hiyo injini peke yake ni zaidi ya kilo 700. Sasa wewe kwa modeli una pua ndefu vilevile lakini ndani kuna kamota kadogo unakashika kwa vidole viwili. Kitu kinachofanya kazi ya ile injini, yaani kukalia pua isiinuke, ni betri. Ndege ya saizi yako mara nyingi inatengenezewa betri ya seli nne, 3300 hivi, wewe ukaweka ya seli tatu 2200 ambayo ni nyepesi karibu nusu, tena nina uhakika uliisukuma nyuma kidogo ili kifuniko kifunge vizuri. Si ndio? Mkia ukawa mzito, na ndege ya mkia mzito ukiigusa eleveta, kile kibao cha mkia cha kuinua na kushusha pua, kidogo tu inaruka juu yenyewe na haisikii tena ukiiambia irudi.

Kupima ni kazi ya dakika kumi. Kitabu hakuna, sawa, chukua rula. Pima bawa kutoka shinani hadi ncha, weka alama katikati ya huo urefu, hapo ndipo upime upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Tuseme umepata sentimita 20. Robo yake ni 5. Weka alama kwa selotepu sentimita 5 kutoka ukingo wa mbele, pande zote mbili, na hapo ndipo uzito wa ndege ukae kwa safari ya kwanza, usiende nyuma ya hapo. Baadaye ukishaizoea utasogeza kidogo kidogo ukitaka, mimi sijawahi kusogeza. Ukipata kitabu cha hiyo modeli yenyewe basi fuata namba ya kitabu, hii yangu ni ya kukutoa shimoni.

Sasa kuna kitu wengi hukosea hapo. Mustang bawa lake liko chini ya mwili, kwa hivyo unaipima ikiwa kichwa chini miguu juu, tumbo likiangalia dari, ukiishika mgongo juu inayumba tu na huwezi kusoma chochote. Magurudumu yatoe nje kama utakavyoruka nayo, betri iwe ndani, propela iwe imefungwa. Mimi hutumia penseli mbili zenye raba, nazisimamisha ndani ya vikombe viwili vya mchanga, raba juu, halafu naiweka ndege pole pole alama ikae kwa raba. Nakumbuka Mustang yangu mwenyewe nilipoiweka hivyo mkia ulishuka paap ukagonga meza ya jikoni, chai ikamwagika, na hiyo ni ndege nilikuwa nimepanga kuirusha kesho yake asubuhi. Nilisukuma betri mbele hadi ikagusa ukuta wa mota, bado. Ikabidi niende Kirinyaga Road kwa wale wa kubalansi tairi nikaomba vile vyuma vidogo vya risasi vinavyobandikwa kwa rimu, nikavibandika puani kimoja kimoja hadi ndege ikalala sawa, pua ikiinama kidogo sana. Iliongezeka uzito ndiyo, lakini iliruka.

Hilo ni la kwanza. La pili ni hiyo ya kupeleka moto wote mara moja.

Propela ikizunguka inataka kuzungusha ndege upande ule mwingine, na hewa inayotupwa nyuma inazunguka mwili na kupiga mkia. Kwa ndege nyingi za aina hii, matokeo ni kuvuta kushoto, na inavuta zaidi wakati spidi ni ndogo na moto ni mwingi, yaani pale pale unapoanzia. Marubani wa Mustang za ukweli walikuwa wanaogopa hii kitu, kufungua throto yote ghafla ukiwa na spidi ndogo ilikuwa inaweza kukupindua. Wewe fungua pole pole, hesabu moja hadi nne kabla ya kufika mwisho. Eleveta ivute juu kidogo mwanzoni ili gurudumu la mkia libaki chini na likusaidie kushika njia, usukani wa mkia uegemeze kulia kidogo, spidi ikipanda achilia eleveta taratibu, mkia utainuka wenyewe, iache ikimbie hivyo, na usiivute juu. Narudia kwa sababu hapa ndipo kidole hukosa adabu: usiivute juu. Ikiwa na spidi itaondoka yenyewe, wewe unaisaidia tu kama unavyomshika mtoto anayejifunza baiskeli.

Na ikishaondoka, pua ikianza kupanda sana, sukuma eleveta chini hata kama roho inakataa. Bawa likipanda kwa pembe kali hewa inaacha kulifuata na bawa linaacha kubeba, ndio kustoli huko, na ndege za vita zenye bawa linalokonda kuelekea ncha hupenda kuangusha bawa moja ghafla, lako likawa la kushoto kwa sababu ya huo moto wote. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kurekebisha kwa eileroni, vile vibao vya nyuma ya mabawa, na hapo ndio unaimaliza kabisa. Spidi kwanza, bawa baadaye.

La tatu ni Nairobi yenyewe. Hili ndilo watu hawanisikii.

Hapa tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hesabu ya haraka ni kama tumebaki na sehemu tano kati ya sita za ile ya pwani. Bawa linabeba kwa kutumia hewa, propela inavuta kwa kutumia hewa, sasa ukipunguziwa hewa unapunguziwa vyote viwili. Ndege ambayo pwani ingeondoka kwa kilomita 40 kwa saa hapa itataka kama 44, na bado propela ile ile inavuta kwa nguvu ndogo zaidi. Angalia njia ya kurukia ya JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, ina mita 4,117 na ile ya Moi kule Mombasa ina mita 3,350, na huu urefu wetu kutoka baharini una mkono wake hapo. Isinya pia iko juu, haikukuokoa. Halafu wewe ulienda saa nane mchana, jua limechoma, hewa imezidi kuwa nyepesi na ile joto inayopanda kutoka ardhini inarusha modeli kama karatasi. Video uliyoona ya mtu akirusha Mustang kama yako kwa seli tatu kwa raha zake, uliza kwanza yuko wapi, kama yuko kando ya bahari kwenye baridi basi hewa yake na yako si moja.

Kwa hivyo rudi na betri ya seli nne, lakini soma kwanza kwa spidi kontrola, kile kifaa cha kuongoza mota, na kwa mota yenyewe kama zinakubali seli nne na propela gani, usichome bure. Enda saa moja asubuhi. Na ukitua tua na moto kidogo, usizime kabisa ukiwa juu ukidhani itaelea, haitaelea, hii si kishada.

SWALI: *Fundi mimi niko Pipeline Embakasi, kuna kiwanja cha mpira karibu na sisi kinabaki wazi asubuhi. Naweza kurushia Hurricane yangu hapo?* — Asubuhi na Mapema

JIBU: Hapana. Wewe uko karibu sana na JKIA kaka, ndege zake unazisikia usiku ukilala. Na usidhani ukihama upande utapona, Lang'ata kuna uwanja wa ndege wa Wilson, Eastleigh kuna kambi ya jeshi la anga, huu mji umezungukwa. Kanuni za ndege zisizo na rubani za 2020 ziko chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, na ni wao wa kuulizwa kuhusu kibali, usajili na mahali, si yule aliyekuuzia. Uliza hata kabla ya kuagiza kitu kutoka nje, nimeona watu wakilia kwa kaunta ya forodha. Kwa urefu hesabu futi 400 kuwa dari, na kwa kweli modeli ya mita moja ukiipeleka hata nusu ya hapo huoni tena kama inakuja ama inaenda.

Hata kama si sheria, kiwanja cha mpira kina watoto. Hurricane ya kilo moja na nusu ikija kwa kilomita 70 kwa saa na propela inazunguka si mchezo. Tafuta shamba, ongea na mwenyewe, mwambie na chifu wa pale, kwa sababu ndege ya kijani na kahawia yenye alama za kivita ikizunguka juu ya maboma ya watu mtu atapiga simu tu.

SWALI: *Mwandishi, mimi ni mzazi. Kijana wangu ana miaka kumi na nne, amenunuliwa ndege na baba yake na sasa anachaji hizo betri zake usiku kwenye kitanda, ati asubuhi ziwe tayari. Moja imevimba. Anasema ni kawaida. Ni kawaida?* — Mama wa Buruburu

JIBU: Si kawaida mama, na hiyo iliyovimba itoe ndani ya nyumba leo hii kabla hujamaliza kusoma gazeti. Iweke nje kwenye ndoo yenye mchanga mkavu, mbali na gari na mbali na mtungi wa gesi.

Hizi betri, za LiPo, usizichukulie kama za simu. Hazina gamba gumu, ni pakiti laini tu, na zinaweza kutoa umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, ndio maana zinainua ndege, na ndio maana zikiharibika zinawaka kwa moto mkali na moshi mbaya. Seli moja ikijaa ni volti 4.2, ikipita hapo inaumia, ikishuka chini sana pia inaumia, na ikiumia inavimba kama andazi. Kijana atumie chaja inayosawazisha seli, ile yenye kawaya kadogo keupe ka ziada, na aichagulie aina sahihi ya betri na idadi sahihi ya seli. Betri ya 2200 aichaji kwa ampea 2.2, inachukua kama saa moja, kwa hivyo hakuna haja ya usiku kucha. Achaji juu ya saruji, betri ikiwa ndani ya chungu cha udongo, mtu akiwa macho na akiwa hapo hapo. Stima ikipotea atoe, ikirudi aanze upya akiangalia. Akikaa wiki bila kurusha asiziache zimejaa, azirudishe volti 3.8 kwa kila seli, chaja nyingi zina hiyo programu.

Na mama usimkataze ndege. Mwambie tu sheria ya nyumba ni kwamba betri haziingii chumba cha kulala, na wewe ndiye unashika chungu.

SWALI: *Kati ya Spitfire na Mustang na Hurricane, ipi ni rahisi kwa mtu wa kwanza? Ama nichukue F-5 ya jeti, hiyo ndiyo naipenda, tunaionaga siku za gwaride.* — Kijana wa South B

JIBU: Kwa mtu wa kwanza hakuna kati ya hizo. Chukua ile ya mafunzo yenye bawa juu ya mwili, irushe hadi uchoke, miezi mitatu hivi, na ukiwa nyumbani cheza programu ya kuiga urushaji kwa kompyuta, kuanguka kwa skrini ni bure. Najua hutanisikia, kwa hivyo nakujibu pia swali ulilouliza.

Spitfire ni mrembo lakini miguu yake imekaribiana, inakunjika kwenda nje, na kwa nyasi zetu za Kajiado inalala upande kabla hata haijaondoka. Hurricane na Mustang miguu imeachana na inakunjika kwenda ndani, zinasimama kama mtu amekaa kwa stuli pana. Mimi ningechukua Hurricane, ina bawa nene na haina kiburi, na kama unapenda historia, wakati wa vita vya pili Hurricane za Afrika Kusini zilirushwa hapa hapa Kenya kupigana na Waitaliano kule kaskazini.

F-5 nakuelewa, jeshi letu linazo tangu 1978 na zikipita juu mtu anasahau hata alikuwa anaongea nini. Lakini modeli ya jeti inasukumwa na feni ndogo ndani ya bomba, haina ule upepo wa propela unaopuliza juu ya mkia, inataka mbio ndefu kwenye lami, inakunywa betri ndani ya dakika tatu nne, na kwa hewa ya Nairobi ni kama kumpandisha mtu mwenye pumu Ngong Hills. Ngoja miaka miwili.

Na yoyote utakayochukua, kabla ya kuweka propela simama nyuma ya ndege, sukuma fimbo ya eileroni kulia, uangalie bawa la kulia. Kibao chake kinapaswa kupanda juu. Vuta eleveta kwako, kibao cha mkia kipande juu. Nasema hivi kwa sababu Hurricane yangu ya kwanza niliangalia tu kama vibao vinacheza, nikasema vinacheza, twende. Vilikuwa vinacheza kinyume. Ndege ikaegemea kushoto nikairudisha kulia, ikaegemea zaidi, nikairudisha zaidi, na kadiri nilivyozidi kuiokoa ndivyo nilivyozidi kuiua. Watoto wa pale shambani walipiga makofi, walidhani ndiyo mchezo wenyewe.

SWALI: *Pua ya ndege yangu ya foamu imebonyea na shingo imekatika vipande viwili. Nitupe?* — Mkulima wa Rongai

JIBU: Usitupe chochote. Pale palipobonyea chemsha maji, yaepue, halafu mwagia pole pole kwa kijiko, ama shikilia mahali hapo juu ya mvuke wa sufuria. Ile foamu ya modeli inavimba na kurudi karibu na ilivyokuwa, utaona mikunjo ikifunguka mbele ya macho yako, mke wangu aliita majirani. Mota na umeme wote toa kwanza, na usiitumbukize yote ikapikika.

Kwa shingo iliyokatika, vipande viunganishe bila gundi kwanza uone vinakutana. Nunua vijiti vya mishikaki, vile vya mianzi, vinne vinatosha, vichomeke nusu upande mmoja na nusu upande wa pili. Paka epoksi ile ya kuchanganya mirija miwili, ya dakika tano inakuharakisha sana chukua ya dakika thelathini, funga kwa selotepu na uache hadi kesho. Gundi kali ya kawaida ya dukani ijaribu kwanza kwenye kipande cha taka, kuna foamu inayeyuka ikiguswa nayo. Ikikauka angalia kwa jicho moja kutoka mkiani kama pua imenyooka na mota haijapinda, na ukumbuke gundi ina uzito, kwa hivyo zile penseli mbili zitoe tena.